Utepe wa Soksi

Sanduku la mama lilipofunguliwa, harufu iliyotangulia kutoka ilikuwa ya naftalini, na nyuma yake, taratibu, ikaja harufu ya udaga. Nilishangaa. Miaka yake ya mwisho mama aliishi Bunda, kwa kaka yangu Wambura pale Nyasura, akila ugali wa sembe ya dukani kama watu wote wa mjini. Lakini nguo zake zilikuwa zimekataa kuhama Butiama. Zilinukia bado muhogo uliovundikwa na kuanikwa juu ya mawe.

Matanga yalikuwa yameisha na tulikuwa tunagawana nguo za marehemu, mimi na mama mdogo, ambaye ndiye mdogo wake pekee aliyebaki. Yeye alikuwa anatoa, anakunjua, anataja jina la mtu wa kupewa. Akafika kwenye kitenge cha bluu chenye pindo jekundu, kile cha kwaya ya kanisani. Akakinyoosha hewani. Pindo la juu lilikuwepo. La chini halikuwepo.

"Hiki kililiwaga na panya," akasema. "Dada aliniambiaga. Tukifanye cha kudekia."

"Nipe mimi," nikasema.

"Utakifanyia nini? Kifupi."

Nilitoka nje, nikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji, na hapo nikalia. Ndugu zangu, nilikuwa sijalia tangu mama afariki. Sikulia hospitali, sikulia kaburini, mpaka watu wakaanza kunong'ona kwamba wanaokaa Musoma mioyo yao imekuwa ya barafu kama ile ya kuhifadhia sangara. Nimekuja kulia siku ya kugawa nguo, na bado sikuwa namlilia mama. Nilikuwa namlilia mbwa, tena mbwa aliyekufa mimi nikiwa darasa la pili.

Aliitwa Soksi. Alikuwa na rangi nyekundu ya udongo wa kichuguu, na miguu yake mitatu ilikuwa myeupe kutoka kwenye kucha hadi kifundoni. Wa nne ulikuwa mwekundu wote. Wambura, ambaye tangu utotoni ni mtu wa kutoa majina, akasema amepoteza soksi moja, na jina likakaa. Hakuna aliyemnunua wala kumwomba. Aliwafuata ng'ombe wetu kutoka mnadani akiwa bado mdogo, akaingia nao zizini, na asubuhi tulipofungua zizi akatoka nao na kwenda malishoni kama mtu aliyeajiriwa.

Mama hakumpenda. Au niseme, alisema hampendi. Kwake yeye mbwa alikuwa kiumbe wa nje, kama mvua. Chakula chake aliwekewa nje, kwenye sufuria iliyotoboka, na alilala nje, chini ya ghala la mtama. Mkia wa Soksi ukimgusa tu mama sketi, alikwenda kunawa mikono. Kwenye kizingiti cha jiko ndipo palikuwa na mpaka. Jiko letu lilikuwa kibanda chake peke yake, mbali kidogo na nyumba, na Soksi aliruhusiwa kufika mlangoni akaweka kidevu juu ya kizingiti, basi. Akisogeza hata ukucha mmoja ndani, mwiko ulikuwa unaruka.

Na yeye aliuheshimu ule mpaka. Alikaa pale akitutazama tukila furu, vile visamaki vidogo vya ziwani ambavyo baba alivileta akirudi mwisho wa mwezi kutoka kwenye kazi yake Musoma, na hakuwahi kuvuka. Vichwa vya furu vilikuwa vyake. Mimi nilivila nusu nusu makusudi ili kibaki kitu.

Kazi yake nyingine ilikuwa kulinda udaga. Butiama kwetu ni mawe, mawe makubwa bapa yanayopata moto jua likipanda, na juu yake ndipo akina mama walianika muhogo. Soksi alilala katikati ya udaga wa mama na hakuna kuku wala mbuzi aliyesogea. Jioni alirudi akinuka udaga mwili mzima. Nilikuwa nalaza uso wangu shingoni mwake, na mama alikuwa ananiita kutoka mbali: "Nyangeta! Toa uso kwenye mbwa!"

Wenzangu mliokulia vijijini kule kwetu mtakumbuka siku ya chanjo ya mbwa. Bwana mifugo alikuja na pikipiki na kiboksi cha barafu, akakaa chini ya mti wa shule, na sisi watoto tukatumwa kupeleka mbwa. Sasa, mbwa wa kijijini hajawahi kuvaa kamba maishani. Siku hiyo moja anafungwa kamba ya katani, au mpira wa baiskeli, au mkanda wa suruali ya baba, na anaambiwa twende. Haendi. Anakaa chini. Ukimvuta anakokoteka amekaa hivyo hivyo, akiacha mfereji nyuma yake. Kuna waliobebwa mabegani kama mbuzi. Kuna waliokutana na maadui zao wa kitongoji cha pili wakamalizana palepale kwenye foleni. Sisi, Wambura alivuta mbele na mimi nikasukuma nyuma, na Soksi katikati anapiga kelele kama anachinjwa.

"Mbwa wa nani huyu?" bwana mifugo akauliza.

"Wetu!"

Sindano ikaingia, hata hakuisikia. Halafu akavishwa shingoni utepe mwekundu wa plastiki, alama kwamba amechanjwa kichaa cha mbwa. Tulirudi nyumbani akitembea mbele yetu, kamba hana, kichwa juu. Nilimwona mzuri ajabu.

Haukupita muda, mbwa mmoja aliyeshikwa na kichaa akamng'ata mtoto wa kitongoji cha jirani. Mtoto alipelekwa Musoma akachomwa sindano na akapona, lakini kijiji kiliogopa, na mkutano ukaamua kwamba mbwa yeyote asiye na utepe atauawa. Vijana walipita na marungu. Nisiwasimulie yote. Jirani yetu Mzee Magori alikuwa na mbwa mweusi mwenye mkia uliojikunja, mbwa mpole kabisa, na siku ya chanjo mzee alikuwa amesafiri kwa hiyo mbwa hakupelekwa. Walimchukua mbele ya macho yake. Mzee alikuwa ameukubali uamuzi kwenye mkutano.

Nami nikiwa na akili yangu ya darasa la pili nikaangalia mambo yalivyo. Mbwa wasio na utepe wamekufa wote. Wenye utepe wako hai wote. Hapo kuna la kuuliza? Nikajua kwamba utepe ndio unaozuia kifo. Sindano nilikuwa nimeshaisahau, maana sindano haionekani. Utepe niliuona kila siku, na kila asubuhi kabla ya shule niliukagua kama upo, nikaingiza kidole kati yake na shingo kuona haumbani.

Halafu Soksi akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, kama cha mtu aliyepaliwa na unga. Pua yake, ambayo siku zote ilikuwa na unyevu, ikakauka ikapasuka. Macho yakatoa tongo, asubuhi yakawa yamegandana, nami nikawa nayaosha kwa maji ya moto yenye chumvi, yeye akivumilia. Aliacha furu. Nilimwekea vichwa, nikamwekea mpaka mkia na tumbo, akavinusa na kunitazama kana kwamba anaomba radhi. Akakonda. Mbavu zikahesabika, shingo ikawa nyembamba, na utepe ukaanza kucheza. Siku moja nikarudi shule nikamkuta amelala chini ya ghala, na shingo yake iko tupu.

Nikaenda kwenye mawe ya udaga nikatafuta kila ufa. Nikaenda njia ya kisimani, nikapekua majani ya mihogo, nikaingia zizini nikachakura samadi kwa mikono miwili. Wambura alinisaidia mpaka akachoka, akasema labda mbuzi kaula. Mimi nilikuwa sichoki. Kwangu mimi Soksi hakuwa amepoteza utepe kwa sababu anaumwa. Alikuwa anaumwa kwa sababu utepe ulilegea, na sasa kwa kuwa umetoka, atakufa.

Ugonjwa ukashuka miguuni. Akawa anatetemeka akiwa amelala, na taya zikawa zinatafuna bila kitu, mpaka povu likajikusanya mdomoni. Hapo ndipo Mzee Magori alipopita kwenda shambani kwake, akasimama kwenye minyaa ya uzio wetu.

"Mama Wambura, mbwa wako ameshika kichaa."

"Shikamoo kwanza, mzee," mama akasema. Alikuwa anapepeta.

"Marahaba. Nasema mbwa ina kichaa. Nimeshawaita vijana."

"Huyu alichanjwa. Ulimwona na utepe."

"Utepe iko wapi?"

Mama akanitazama mimi. Nikatazama chini.

"Umepotea," mama akasema.

"Basi kama haina utepe ni sawa na zile zingine. Ya kwangu ilikuwaga nzuri kuliko hii, na nilikubali." Sauti yake ilikatika kidogo pale mwisho. Sikuelewa kwa nini mtu mzima anakasirika huku macho yake yanataka kulia.

Vijana walionekana kwenye njia, na marungu yao. Mama aliweka ungo chini. Akamtuma Wambura akimbie kwa bwana mifugo, na Wambura akaondoka mbio bila viatu. Halafu mama akaenda kufungua mlango wa jiko na kuuachia wazi kabisa.

"Mlete," akaniambia.

Soksi aliweza kutembea bado, kwa kuyumba. Alinifuata mpaka mlangoni, na pale akasimama. Akaweka kidevu juu ya kizingiti, kama siku zote. Miguu inamtetemeka, povu mdomoni, vijana wanakaribia, na yeye anamtazama mama akisubiri mwiko.

"Pita," mama akamwambia. "Pita, baba."

Akapita. Mama akafunga mlango, akaburuta kigoda, akakaa juu yake mbele ya mlango na kuendelea kupepeta.

"Bwana mifugo ameitwa," akawaambia vijana walipofika. "Akisema ni kichaa, nitawafungulia mwenyewe. Mpaka aseme, hapa kwangu haliingii rungu."

"Mama, ni mkutano uliamua."

"Mkutano nilikuwepo. Kaeni kivulini, jua kali."

Wakakaa. Ungeona lile jambo: vijana wenye marungu wamepangana kivulini kama wageni wa posa, na mama anapepeta, na unga unapeperuka. Mimi nilikuwa nimebana mgongo wangu kwenye ukuta wa jiko nikisikiliza pumzi ya Soksi kupitia kwenye fito.

Bwana mifugo alifika na Wambura nyuma ya pikipiki. Alichungulia, akavaa glavu, akaingia, akakaa humo muda. Alipotoka akawaambia vijana waende. Si kichaa, alisema. Ni homa nyingine ya mbwa, haiwapati watu, na chanjo ya hiyo hatukuwapa mbwa.

"Dawa yake?" mama akauliza.

"Haina. Mpeni maji, apumzike. Hatafika mbali."

Mimi nikamshika suruali. "Naomba utepe mwingine."

Akacheka kwa upole, akasema tepe ziliisha siku ileile ya chanjo. Akawasha pikipiki akaondoka. Mzee Magori naye alikuwa ameshageuka kwenda zake, jembe begani, bila kuaga.

Nilimlilia mama pale jikoni, Soksi akiwa amelala kando ya mafiga, kwenye majivu yenye joto. Nikamwambia bila utepe atakufa.

"Utepe si dawa, mwanangu. Dawa ni ile sindano, na sindano ilikuwa ya kichaa."

"Mbona mbwa wa kina Bhoke wana tepe na hawajafa? Na wasio na tepe wote wamekufa?"

Najua sasa mama alikuwa anatafuta namna ya kumweleza mtoto kwamba wale hawakuuawa na ugonjwa, waliuawa na watu, watu haohao wanaotusalimia njiani. Hakunieleza. Aliinuka akaenda nyumba kubwa, nikasikia kufuli ya sanduku, kisha nikasikia mlio wa kitambaa kipya kikichanika, mrefu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kile kitenge kilikuwa hakijafuliwa hata mara moja. Kwaya nzima walikuwa wamekinunua kiwe sare kwa ajili ya sikukuu. Ndani ya nyumba yetu hapakuwa na kitu kingine chekundu.

Alirudi na pindo mkononi. Akapiga magoti kwenye majivu, mama yangu aliyekuwa ananawa akiguswa na mkia, akamwinua Soksi kichwa kwa kiganja na kumfunga. Pindo lilikuwa refu mno. Lilimzunguka shingo mara nyingi, akawa kama mzee aliyevaa skafu asubuhi ya baridi. Nilicheka, kamasi zinanitoka. Soksi akanyoosha ulimi akamlamba mama mkono, kidogo, maana nguvu hakuwa nazo. Mama hakuuondoa. Hakwenda kunawa. Alikaa vile mpaka maji ya ugali yakachemka, kisha akasonga kwa mkono mwingine, kwa taabu, unga unamwagika.

Asubuhi hakunipeleka shule. Jua lilikuwa limeingia mlangoni na kufika kwenye mafiga Soksi alipoacha kupumua. Hakuhangaika. Nilikuwa nimeweka uso shingoni mwake, juu ya kile kitambaa, na nikasikia kwamba hakuna kitu tena. Harufu yake ilikuwa ileile ya udaga.

Nikamgeukia mama kwa hasira, hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena.

"Mbona amekufa? Mbona amekufa na utepe anao?"

"Haukuwa wa kumzuia asife," mama akasema. Alikuwa ananifuta uso kwa kona ya khanga yake. "Ulikuwa wa kuonyesha kwamba ana kwao."

Wambura alipotoka shule alianza kuchimba nyuma ya zizi, na kwa kuwa kwetu ni mawe, alichimba akagonga, akahamia pembeni, akagonga tena. Tukamwona Mzee Magori anakuja na jembe. Hakuuliza. Alichagua mahali akachimba yeye, taratibu, mpaka shimo likawa shimo. Kaka alitaka kufungua lile pindo alirudishe, mama akasema acha, aende nalo. Mzee alipomaliza kufukia akampa mama mkono.

"Pole, Mama Wambura," akasema, kama anavyoambiwa mtu aliyefiwa na mtu. Halafu akaniinamia mimi. "Ya kwangu haikuzikwaga," akasema.

Siku ya sikukuu kwaya ilisimama mbele ya kanisa, vitenge vyote vya bluu, mapindo mekundu yamepanga mstari mmoja mnyoofu miguuni mwao, isipokuwa pale katikati, ambapo mstari ulikatika na miguu ya mama ikaonekana. Nje baada ya misa wanawake wakamzunguka. Mama Bhoke, ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya na hakupenda mzaha na sare, akaushika ule upindo uliochanika akauliza kulikoni.

"Panya," mama akasema, bila kupepesa macho. Hakunitazama hata kidogo. Alikivaa kitenge kile miaka yote, kila sikukuu, na mstari ulikatika palepale.

Sikukiacha kifanywe cha kudekia. Nilikikunja nikakitia kwenye mkoba, nikarudi nacho kwangu Nyakato, Musoma, na misa ya arobaini ilipofika nikapanda nacho kwenda Butiama, kwenye kanisa lilelile, nimejifunga. Kilinifika juu ya kifundo. Mama mdogo aliniona akatikisa kichwa tu.

Nje baada ya misa, watu wakiendelea kutupa pole, nikasikia kitu kinanivuta chini. Alikuwa Mama Bhoke, amezeeka, ana fimbo, ameinama mpaka uso wake uko karibu na kiuno changu. Alikuwa ameshika upindo wa kitenge kwa vidole viwili.

"Hiki si cha mama yako? Mbona kifupi hivi?"

"Panya," nikasema.

Akakiachia. Akaninyanyulia uso wake wenye makunyanzi.

"Na yeye alisemaga hivyohivyo," akasema. "Wala sikumwaminigi hata siku moja. Panya gani anakula pindo lote, anaacha kitenge kizima?"

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, pale mlangoni pa kanisa, na katikati ya kicheko machozi yakaja, yakaja mengi, mpaka Mama Bhoke akaiacha fimbo yake ianguke ili anishike. Watu waligeuka wakatazama. Nilimwita mama yangu kama mtoto wa darasa la pili, na safari hii nilijua ninayemlilia.